Mwingereza Akaaye Kenya na Habari za Kwao

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ilipotupa kazi ya kusema mbele yenu leo, ilituagiza tuzungumze juu ya wanachama wetu walio ng'ambo, na namna wanavyopata habari za nyumbani. Tulifikiri sana, kisha tukaomba ruhusa tuliingie jambo hilo kwa mlango mwingine. Watu wa kwetu walianza kukaa ng'ambo kwa wingi juzijuzi tu, lakini Waingereza wamekaa katika nchi hii kwa zaidi ya miaka mia moja, na muda huo wote wamejitahidi kujua yanayotendeka kwao. Wamekwisha kujaribu njia nyingi, na nyingine zimewashinda. Yafaa tuwatazame kabla ya kujitazama.

Tusemapo habari za kwao, hatusemi habari za Wafalme na Mawaziri. Hizo hufika zenyewe. Twasema habari za bei ya mkate, za jirani aliyehama, za duka lililofungwa, na za basi lililobadili njia. Nani huzichukua habari za namna hiyo hata zikamfikia mtu aliye mbali?

Hapo kale zilikwenda kwa meli. Barua ilitoka Mombasa, ikapita Mfereji wa Suez, na safari hiyo ilichukua majuma matatu au zaidi. Mtu akiuliza hali ya mamaye mgonjwa, jibu lilimfikia baada ya miezi miwili, na kwa muda huo mgonjwa amekwisha kupona au amekwisha kuzikwa. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta barua kwa ndege kutoka London hata Mwanza, na mwaka 1932 njia hiyo ikafika Cape Town. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zenye kutua majini, na watu wa Kisumu waliziona zikishuka ziwani kama mabata makubwa. Katika mwaka huo huo Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kupeleka barua kwa ndege katika nchi za himaya yake kwa stempu ya peni moja na nusu tu, na njia ya Afrika ndiyo iliyotangulia. Tangu hapo mkulima wa Bonde la Ufa aliweza kusoma mambo ya kwao yangali na joto.

Tena palikuwa na simu ya upepo. Tarehe 19 Desemba 1932 BBC ilifungua matangazo kwa ajili ya watu wa himaya waliokaa mbali. Mkuu wa BBC, John Reith, aliwaonya wasikilizaji siku hiyo ya kwanza kwamba vipindi havitakuwa vya kupendeza sana wala vizuri sana. (Ni viongozi wachache wafunguao kazi kwa unyofu wa namna hiyo, hata katika taarifa za Chama chetu hatujauona.) Siku sita baadaye, siku ya Krismasi, Mfalme George wa Tano akasema na watu wake kwa maneno aliyoandikiwa na Rudyard Kipling. Watu walisikiliza mlio wa saa ya Big Ben kutoka London, na twasadiki wako waliotokwa na machozi. Lakini Big Ben haikumwambia mtu bei ya mkate.

Tuwape mfano mmoja, maana sisi wenyewe ulitufundisha mengi. Tangu tarehe 8 Januari 1940 Waingereza walianza kupimiwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe kwa kitabu cha posho. Chai ikafuata mwaka huo huo, aunsi mbili kwa mtu kwa juma. Vita vikaisha mwaka 1945, lakini posho haikuisha. Mkate, ambao haukupimwa wakati wote wa vita, ulianza kupimwa mwaka 1946, baada ya vita, na kuachwa mwaka 1948. Chai iliachwa huru mwaka 1952, na nyama ikawa ya mwisho, mwezi wa Julai 1954. Basi mfikirieni Mwingereza wa Kericho aliyezungukwa na mashamba ya chai hata upeo wa macho, na dada yake huko kwao ahesabuye majani ya chai kijikoni. Magazeti yalimwambia yule wa Kericho kwamba vita vimekwisha na nchi yake imeshinda. Kwamba ushindi huo haukumwongezea dada yake hata kipande cha mkate, hilo alilijua kwa barua ya dada.

Wala si kila mara mtu wa mbali ndiye aliye nyuma. Tangu mwanzo wa miaka ya 1920 shilingi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na senti 100. Kwao Uingereza shilingi ilikuwa na peni 12, na pauni ilikuwa na peni 240, hata ilipofika tarehe 15 Februari 1971, Waingereza walipoamua kuhesabu kwa mia. Siku hiyo wazee wengi wa Uingereza walisumbuka madukani. Mwingereza wa Kenya alikuwa amekwisha kuhesabu kwa mia nusu ya karne.

Sasa tuje kwa mtu tunayemjua. Hatutamtaja jina, kwa maana yu hai, naye ni mtu wa heshima.

Sisi twafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili mjini Nakuru. Tulipoanza kazi hiyo tulimkuta Mzee mmoja Mwingereza ambaye hufika kila aletewapo karatasi fulani kutoka kwao. Serikali ya Uingereza humpelekea mstaafu akaaye ng'ambo karatasi ya kuthibitisha kwamba angali hai. Hutia sahihi yeye, na shahidi mwenye kazi ya kuaminika, kama wakili au daktari, hutia sahihi pia. Karatasi isiporudi, malipo yake ya uzeeni yaweza kusimamishwa. Mzee hutuambia kwa Kiswahili safi kuliko chetu, "Bwana Karani, nitazame vizuri, nisije nikawa nimekufa nawe hukuona." Nasi humjibu, "Mzee, waliokufa hawaji na mwavuli."

Mzee huyu alikuja Kenya mwaka 1966, fundi wa mitambo ya maji, akaipenda nchi, akakaa. Kwao ni Leeds. Huko alikuwa na dada yake mkubwa, asiyeolewa, ambaye kila Jumapili jioni alimwandikia barua juu ya ile karatasi nyepesi ya buluu ikunjwayo ikawa bahasha. Mzee alizitunza zote katika kasha la bati, naye ametusomea baadhi yake. Hazina siasa hata moja. Dada asema mchuuzi wa makaa haji tena mtaani. Dada asema wenye baa wamekatazwa kuruhusu sigara ndani, nako kulikuwa mwaka 2007, na kwamba sasa wavutaji husimama nje mvuani kama watoto waliofukuzwa darasani. Dada asema duka la Woolworths, alimonunua uzi na peremende tangu utoto, limefungwa, nako kulikuwa mwanzo wa mwaka 2009. Katika barua moja ukurasa mzima ni habari za mbwa wa jirani. Mzee alipousoma ukurasa huo alicheka hata akavua miwani.

Kisha macho ya dada yakafifia, barua zikakoma. Mzee akampigia simu, lakini dada hakusikia vizuri, na jibu lake likawa moja kila mara, "Sisi hatujambo." Neno hili tunalijua sote tulio na wazazi shambani. Mzee akajisemea kwamba si kitu, kwa kuwa habari ni nyingi kupita zamani. Alipata gazeti la Guardian Weekly kwa miaka mingi, alisikiliza BBC usiku na mchana, na mpwa wake akamfundisha kusoma magazeti katika kompyuta. Waingereza walipopiga kura tarehe 23 Juni 2016 ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, Mzee alitueleza hesabu zake jimbo kwa jimbo. Hakuna mtu Nakuru aliyemzidi kwa habari za Uingereza, na yeye mwenyewe alijua hivyo.

Mwezi wa Novemba 2018 dada akafariki. Huko kwao mazishi aghalabu hufanywa baada ya majuma mawili au matatu, kwa hiyo Mzee alipata wakati wa kusafiri. Akafungua kasha lake, akatoa pauni alizokuwa ameziweka kwa siku kama hiyo, noti za pauni 10 na za pauni 5, na mfuko wa sarafu za pauni moja.

Alipofika London akapanda basi, akamnyoshea dereva sarafu. Dereva akatikisa kichwa. Mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu mwezi wa Julai 2014. Kijana aliyekuwa nyuma yake akamlipia kwa kadi, wala hakungoja kushukuriwa. Mzee akaingia dukani kununua chai, akatoa sarafu zile zile. Hazifai, sarafu ya mviringo ya pauni moja ilikoma tarehe 15 Oktoba 2017. Akatoa noti ya pauni 5. Noti ya karatasi ya namna hiyo ilikoma mwezi wa Mei 2017. Akatoa ya pauni 10, nayo ilikoma tarehe 1 Machi mwaka ule ule wa 2018. Msichana wa dukani akaigeuzageuza, akamwuliza kwa adabu kama ametoka nchi gani.

"Bwana Karani," Mzee alituambia, "nimeulizwa swali hilo Nakuru miaka hamsini na mbili, nami hujibu kwa furaha. Siku ile sikuweza kujibu."

Hakupoteza fedha zake, maana Benki Kuu ya Uingereza huzipokea noti zake zote za zamani, hata za miaka mingi, nayo hutoa mpya badala yake. Alikwenda akapanga foleni. Lakini tazameni: habari za noti hizo ziliandikwa katika magazeti aliyoyasoma. Zilitangazwa. Alizipita, kwa kuwa alikuwa akisoma kama msomaji wa mambo makubwa. Dada angalikuwa na macho yake angaliandika mstari mmoja tu, "Usisahau kuzibadili noti zako," na hayo yasingalimpata.

Mazishi yenyewe hatutayasimulia kwa urefu, ingawa Chama chetu ni chama cha mazishi zaidi ya jambo lingine. Walikuwa watu kumi na wanne. Mwili ulichomwa, kama ifanywavyo huko kwa walio wengi, na mambo yote yakaisha katika muda usiotimia saa moja. Mzee hakulaumu. Alisema tu kwamba huku kwetu watu wangalikuwa wangali wanatafuta viti.

Baada ya mazishi walikunywa chai, na hapo ndipo lilipotokea jambo zito. Mama mmoja, rafiki wa marehemu na umri mmoja na Mzee, alilalamika juu ya malipo yake ya uzeeni, kwamba pauni 125 na peni 95 kwa juma hazitoshi kitu. Mzee akanyamaza. Yeye alikuwa akipokea pauni 75 na peni 50.

Alikuwa amelipa michango yake yote, hata akiwa Kenya, kwa hiari. Alipoanza kupokea mwaka 2002 pauni 75 na peni 50 ndizo zilizokuwa malipo kamili ya msingi. Kwa miaka kumi na sita aliziona hazibadiliki, akadhani ndivyo zilivyo kwa watu wote, wala hakumwuliza mtu. Kumwuliza dada mambo ya fedha aliona si adabu.

Aliporudi tulikaa naye ofisini pamoja na wakili wetu tukasoma sheria. Mambo yako hivi. Mstaafu wa Uingereza akikaa kwao, malipo yake huongezwa kila mwaka. Akikaa Marekani huongezwa. Akikaa Jamaika, Mauritius au Ufilipino huongezwa pia. Lakini akikaa Kenya, au Afrika Kusini, au Kanada, au Australia, hubaki pale pale yalipoanzia hata siku ya kufa kwake. Akienda Uingereza kutembea, aweza kudai kiwango kipya kwa siku zile tu azikaazo huko. Akipanda ndege kurudi, kiwango kipya hubaki uwanjani. Sababu itolewayo na Serikali ni kwamba nyongeza hulipwa pale tu sheria au mapatano na nchi nyingine yalazimishapo, na kwamba gharama ni kubwa. Wazee waliomo katika hali hii duniani ni zaidi ya laki nne. Mama mmoja aliyekaa Afrika Kusini, Annette Carson, aliwaongoza wenzake kwenda katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 16 Machi 2010 mahakama hiyo ikaamua kwamba hawana haki ya nyongeza. Basi ikawa ndiyo mwisho. Mwaka 2024 malipo ya msingi huko kwao yalifika pauni 169 na peni 50 kwa juma. Ya Mzee ni yale yale.

Twakiri kwamba siku ile tulimwonea haya, kama kwamba sisi ndio tuliotunga sheria. Wakili akamwuliza kama hafikirii kurudi kwao, angalau kwa ajili ya hospitali. Hapo tukaona jambo la pili ambalo Mzee hakulijua: huko matibabu ya bure hayaji kwa pasi ya kusafiria. Huja kwa kuwa mkazi. Mwingereza wa pasi akaaye Kenya, akienda kutibiwa tu na kurudi, aweza kudaiwa fedha kama mgeni mwingine. Mzee akasema, "Basi mimi ni Mwingereza wa Krismasi tu." Hatukucheka.

Alifanya nini? Alimwandikia mpwa wake barua. Akamwambia asimpelekee tena habari za Bunge wala za Waziri Mkuu, kwa kuwa hizo anazo. Amwandikie mara moja kwa mwezi bei ya maziwa, nauli ya basi, nani amehama mtaani, na karatasi gani za serikali zimeletwa mlangoni. Mpwa alidhani mjomba wake ameanza kuchanganyikiwa kwa uzee, akamwuliza daktari mmoja. Kisha akaandika. Sasa huandika kila mwezi, na ndiye aliyemwarifu kwamba sheria ya kura imebadilika. Hapo kwanza Mwingereza aliyekaa ng'ambo zaidi ya miaka 15 hakuwa na kura. Tangu tarehe 16 Januari 2024 kikomo hicho kimeondolewa. Mzee alijiandikisha kwa anwani ya nyumba ya Leeds aliyoiacha mwaka 1966, na tarehe 4 Julai 2024 mpwa akaenda akampigia kura kwa niaba yake. Mzee hakutuambia alichagua chama gani, nasi hatukuuliza. Alikuwa amevaa tai.

Bwana Mwenyekiti, tumesema mengi juu ya Waingereza, na twaona baadhi ya wazee wanatazama saa. Tuje nyumbani.

Msimcheke Mzee kwa noti zake. Mwanachama mmoja wetu alikuja likizo kutoka Uingereza akiwa na noti za shilingi elfu moja alizozihifadhi ndani ya Biblia, na noti hizo zilikuwa zimekoma tangu tarehe 30 Septemba 2019. Kwake hapakuwa na benki ya kumbadilishia.

Tena mnakumbuka shauri lililoletwa mbele ya Halmashauri mwaka huu. Ndugu mmoja akaaye ng'ambo alimpelekea kaka yake fedha za kuezeka nyumba ya mama yao. Alipiga hesabu kwa bei ya mabati na simenti aliyoijua alipoondoka. Fedha zikaishia ukutani. Mdogo akasema kaka amezila. Kaka akasema mdogo anajifanya tajiri. Mama akakaa katika nyumba isiyo na paa hata masika yakaingia. Walikuwa wakizungumza kwa simu karibu kila siku, wakitazamana nyuso. Yule wa ng'ambo alijua habari zote za siasa ya Kenya, na kila kesi iliyomo mahakamani Nairobi. Halmashauri ilikaa siku mbili kuchunguza stakabadhi, na kila senti ikaonekana. Paa limekwisha kuezekwa kwa mkopo wa Chama, lakini ndugu hao hawajapatana.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba idhini ya mkutano huu kwa jambo dogo. Tangu mwezi ujao Katibu atawaandikia wanachama wote walio ng'ambo barua moja kila mwezi. Haitakuwa na hotuba. Itakuwa na bei ya mfuko wa simenti na ya bati katika soko letu, nauli ya kwenda nyumbani, karo ya shule, karatasi za serikali zinazotakiwa na tarehe zake, waliozaliwa, waliooa, waliofariki, waliohama, na hali ya mvua. Gharama yake imo katika ukurasa wa hesabu, chini ya stempu na karatasi.

Kwa barua ya kwanza tumekwisha kupata bei ya simenti, nauli, na majina ya watoto saba waliozaliwa. Bei ya mabati hatujaipata, kwa kuwa maduka mawili yametupa bei mbili mbalimbali. Mwanachama aliyenunua mabati mwezi huu twamwomba atuone mlangoni kabla hajaondoka, akiwa na stakabadhi yake.